Ubao wa Babu Kwenye Banda la Kuku

Mwaka juzi niliamua kuwafundisha wanangu historia ya sanaa nyumbani. Shuleni wanachora, lakini hakuna anayewaambia nani alichora kabla yao, wapi na kwa sababu gani. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, mdogo wake sita. Tukapanga Jumamosi, baada ya kufua, mezani. Kazi yangu ilikuwa kutafuta vitabu. Mimi ni mwandishi wa habari, kutafuta ndiyo kazi inayonilisha. Nikadhani hiyo itakuwa sehemu rahisi.

Tunaishi Tunduma. Kwa asiyepajua, huu ni mji wa malori na kwacha: foleni ya magari ya kwenda Zambia inaweza kulala barabarani, na ukitembea kidogo tu umeshaingia Nakonde. Duka la vitabu ninalolitumia linauza madaftari, vitabu vya shule na Biblia. Kitabu cha kwanza nilikipata Dar es Salaam, nikiwa safari ya kikazi, kwa muuza vitabu vya mitumba: The Story of Art cha E.H. Gombrich, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1950. Chuoni nilikuwa nakiazima. Sasa nilikuwa na cha kwangu.

Niseme ukweli, ni kitabu kizuri. Gombrich anaeleza bila kujikweza, na ilikuwa rahisi kumtafsiri kwa mdomo huku wanangu wakitazama picha. Walipenda Lascaux, pango la Ufaransa ambalo vijana waliligundua mwaka 1940. Tukaenda Misri, nikawaeleza jinsi mafundi wa kule walivyopiga miraba ukutani kwanza ili vipimo vya mwili visipotee. Tukaenda Ugiriki, tukafika Italia. Jumamosi moja binti akarudisha kurasa hadi sura ya kwanza, akaweka kidole.

"Mama, mbona sisi tumewekwa na watu wa mapangoni?"

Nikaangalia. Kweli. Ukiiacha Misri, kazi za Afrika zimepangwa sura moja na michoro ya mapango ya maelfu ya miaka, kana kwamba zote ni za asubuhi moja ya dunia. Nilimjibu kwamba kitabu ni cha zamani. Lilikuwa jibu la kivivu, na yeye alilijua.

Basi nikahamia intaneti. Google Arts & Culture inakuwezesha kuivuta picha karibu mpaka uone nyufa za rangi. Tatizo halikuwa bando peke yake. Wanangu walitelezesha kidole. Ndani ya dakika ishirini walikuwa wamepitia picha zaidi ya arobaini, na hakuna aliyeuliza swali hata moja. Kile kitabu chenye kasoro kilikuwa kimezaa swali lililoninyima usingizi. Hapo nikapata kigezo changu cha kwanza cha kuchagua nyenzo: je, inamfanya mtoto asimame?

Nikaamua kuanzia nyumbani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam, akaanza kuchora mwaka 1968. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu, na jina lake likawa jina la mtindo. Wanangu wakachangamka mno. Kwa mwezi mzima nyumba ikajaa chui. Chui na mwezi, chui na ndege, chui anayekunywa chai. Nikaanza kuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimewatoa pangoni nikawapeleka duka la watalii.

Nikaongeza Sam Ntiro wa Kilimanjaro, aliyesoma na kufundisha Makerere, kisha akawa balozi wetu London baada ya uhuru. Mchoro wake wa mwaka 1956, wa wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, uko Museum of Modern Art, New York. Hakuna chui. Ni watu na shughuli yao. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, nikaacha kuifanya "somo la Afrika". Niliiweka Jumamosi moja na Lascaux, picha kando ya picha. Kitenge cha mama yangu nacho kikapata zamu yake: mtindo uliotoka kwenye batiki za Java, viwanda vya Uholanzi vikauiga kwa mashine, soko likapatikana Afrika Magharibi, hadi leo unavuka mpaka wetu begani kwa akina mama. Hicho waliweza kukishika.

Lakini lililotugusa kuliko yote lilitokea nilipotaja vifaa. Nilikuwa nawaambia kwamba Tingatinga hakuwa na turubai za wachoraji wa Ulaya. Alichora kwenye hadibodi, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli.

"Kama ubao wa babu," binti akasema.

"Ubao gani?"

"Ule wa kwenye banda la kuku. Bibi alisema babu ndiye aliuchora."

Baba yangu alikuwa fundi wa mabango. Aliandika majina ya maduka, alichora vichwa kwenye mabango ya vinyozi, aliandika maneno nyuma ya malori. Mikono yake haikutakata kamwe. Mafuta ya taa yaliondoa rangi lakini yaliacha harufu. Nilipoanza sekondari tulijaza fomu yenye sehemu ya kazi ya mzazi. Niliandika "mfanyabiashara". Aliiona, akaisaini, hakusema kitu. Alifariki kabla wanangu hawajazaliwa, na katika Jumamosi zote zile za kuwataja wachoraji wa dunia, sikuwahi kumtaja.

Wikiendi iliyofuata tulienda Vwawa kwa mama. Ubao ulikuwa umepigiliwa misumari upande wa banda unaopigwa na mvua, sura imeelekezwa ndani. Kuku walikuwa wameutazama miaka yote hiyo kuliko mimi.

"Huo?" mama akasema. "Wa kinyozi wa stendi. Aliagiza, hakuja kuuchukua. Babu yenu akasema basi, ufanye kazi nyingine."

Tuliusafisha kwa kitambaa chenye maji. Vichwa vitatu vya wanaume, kila kimoja na mkato wake wa nywele, vyote vimegeukia kushoto. Binti yangu alisimama. Akauliza bei ilikuwa shilingi ngapi, kwa nini wote wanatazama upande mmoja, na je, walikuwa watu wa kweli. Mdogo wake ndiye aliyeona, pale rangi ilipobanduka, mistari ya penseli imekatana.

"Miraba!" akapiga kelele. "Mama, babu alikuwa Mmisri!"

Tulicheka mpaka kuku wakatawanyika. Mimi nilicheka, halafu ikabidi niende nyuma ya nyumba kidogo.

Kwa hiyo sijamtupa Gombrich. Bila yeye mtoto asingeijua miraba alipoiona. Bado namsoma, ila kwenye sura ya kwanza tumebandika karatasi yenye maswali yetu. Nikichagua nyenzo sasa naangalia kama inamfanya mtoto asimame, kama inaonyesha mikono na hela zilizohusika, na kama inaweza kuwekwa meza moja na vitu vya kwetu, kila kimoja kikiuliza kingine.

Mama alikataa kutupa ubao bure. Kuku walale wapi? Nilinunua hadibodi mpya, nikaipigilia mwenyewe. Ule wa zamani sasa uko ukutani juu ya meza yetu. Binti ameandika maelezo chini yake, kama alivyoona kwenye picha za makumbusho: jina kamili la babu yake, kisha "mchoraji", kisha "rangi ya mafuta kwenye hadibodi, Vwawa". Mbele ya neno "mwaka" ameacha nafasi. Mama hakumbuki. Nimeshawauliza vinyozi wawili wa stendi, na Jumatatu narudi kwa wa tatu.