Tulivyowaona Mafundi wa Kamukunji

Akina mama wengi wa Nairobi tumewahi kununua jiko, sufuria au sanduku la shule pale Kamukunji, kando ya Barabara ya Landhies. Tunafika, tunabishana bei, tunaondoka. Safari hii tulikwenda kutazama kazi yenyewe, kwa kuwa baadhi yetu tuna vijana waliomaliza shule na wanataka kujifunza ufundi huko.

Kelele za nyundo husikika kabla hujafika. Mafundi hawa waliitwa jua kali kwa sababu walifanya kazi bila paa. Rais Moi aliwatembelea mwaka 1985, na baadaye wakajengewa mabanda.

Tulimkuta fundi akitengeneza kisu alichoagizwa na mfugaji: upande mmoja makali, mgongoni meno ya msumeno ya kukatia matawi ya boma. Chuma ni kipande cha springi ya gari kuukuu. Hutiwa katika makaa, kijana akivukuta, mpaka kiwe chekundu, kisha hufuliwa juu ya kipande cha reli. Mgongo huachwa mnene ili ubebe meno.

Meno ndiyo kazi. Hukatwa kwa tupa ya pembe tatu, jino moja moja, kabla chuma hakijakazwa, maana kikishakazwa tupa huteleza tu. Halafu kisu hupashwa moto hadi sumaku isikishike, na kuzamishwa katika oili. Hapo huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo husuguliwa king'ae, kikarudishwa kwenye moto mdogo mpaka kigeuke rangi ya majani makavu. Ukiharakisha hapo, kazi yote imepotea.

Mwenzetu mmoja aliuliza kama kisu hicho kingemfaa jikoni.

“La, mama,” fundi alijibu. “Wewe ukikata nyama unaweka kidole mgongoni. Hiki kitakuuma.”

Tulicheka, lakini tuliona pia jambo la kutuhuzunisha. Kijana aliyekuwa akinoa kwenye mashine hakuwa na miwani, na cheche zilimrukia usoni. Kipande kidogo cha chuma chaweza kuharibu jicho kwa siku moja.

Kwa hiyo mama, kama mwanao anataka ufundi, usimkataze kwa kuona aibu ya masizi. Nenda naye. Muulize fundi: Atafundishwa kufua na kukaza chuma, au atavukuta tu mwaka mzima? Atakula nini mchana? Akiumia, nani atampeleka hospitali? Na miwani, mnunulie wewe kabla ya siku ya kwanza.

Nasi tunaponunua, tuendelee kupatana bei, lakini tukumbuke yale meno yaliyokatwa moja moja.