Kilima Kimoja, Majina Matatu

Jumapili moja nilipanda matatu jijini Nairobi pamoja na binti yangu wa miaka 10, tukielekea Thika kutazama maporomoko ya mto Chania. Tulipofika Ruiru alisoma kibao kwa sauti, kisha akauliza: "Baba, Ruiru maana yake nini?"

Nilibabaika. Mimi ni Mkikuyu, lakini nililelewa mjini na lugha ya wazee wangu naisikia kwa mbali.

Ajuza aliyeketi mbele yetu aligeuka. "Mjukuu wangu, rui ni mto. Rui ruiru ni mto mweusi. Siku hizi watu wamebaki na weusi tu, mto wameusahau!"

Abiria walicheka. Nami nilicheka, lakini kwa haya.

Tulipopita Juja, mlima ulijitokeza upande wa kulia. Hapo nilijitutumua: "Kile ni Kilimambogo, kilima cha mbogo, yaani nyati. Hata leo wamo katika mbuga iliyotengwa huko mwaka wa 1967."

"Mbona hakuna 'cha'?" aliuliza.

"Imemezwa," nilisema.

"Sisi twakiita Kianjahi," akadakia ajuza. "Kilima cha njahi, zile maharagwe nyeusi anazopikiwa mama aliyejifungua."

Hebu tazama, msomaji. Kiswahili kilitupa "cha" kikabakisha kilima. Kikuyu kilitupa kilima kikabakisha "kia", ambayo ndiyo hiyo "cha". Wamaasai hawakutupa kitu: Ol Doinyo Sabuk, mlima mkubwa. Nao una haki ya jina hilo, kwani kimo chake ni mita 2,145.

Wala si sisi tu. Mji mkuu wa Denmark, København, zamani ulikuwa bandari ya wafanyabiashara. "Havn", yaani bandari, ingali mwishoni mwa jina, lakini neno la mfanyabiashara limelika hata likabaki kipande.

Majina hulika kama mawe ya mtoni. Kinachodondoka huhifadhiwa na wazee, na sisi wazazi wa mjini tusipowauliza, watoto wetu watarithi vibao vitupu.

Jioni, tulipokuwa tukirejea, matatu ilivuka daraja la Ruiru. Binti yangu alibandika uso dirishani akatazama chini.

"Baba," akasema, "mto wenyewe si huu hapa?"