Sauti na Mpatanishi Wake

Kompyuta iliyo bubu haina kosa kwa asiyetaka kusikia. Lakini kwa mwanafunzi afuataye somo kwa sikio, au kwa kipofu asomewaye maandishi na mashine, ububu huo ni mlango uliofungwa. Basi si jambo dogo kuuliza sauti hupita njia gani kutoka katika kivinjari hata ikafika sikioni, na nani ana haki ya kusimama njiani.

Katika Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kadi ya sauti huendeshwa na ALSA. Kazi hiyo ilianzwa na Jaroslav Kysela mwaka 1998, ikaingizwa katika kiini cha mfumo kwa toleo la 2.6 la mwaka 2003. Mwaka 2004 Lennart Poettering alianza kazi iliyokuja kuitwa PulseAudio. Hii ni seva ya sauti: hukaa kati ya programu na kadi, hukusanya sauti za programu nyingi, huzichanganya, hupima kila moja kwa kipimo chake, na huzihamisha kutoka spika hii hadi ile. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: huduma hiyo ni kubwa, na wengi huipenda. Lakini seva haiigusi kadi kwa mkono wake. Hupita kwa ALSA ile ile. Mpatanishi hakuondoa mwenye nyumba.

Machi 2017 Firefox ilitoa toleo la 52, na katika nakala zake za kawaida njia ya kwenda ALSA moja kwa moja ilikuwa imezimwa. Sababu ilisemwa wazi: msimbo wa njia ile ulikuwa mzigo mzito kuutunza, na waliouhitaji walionekana wachache. Kwa watu hao, kivinjari kilichosema jana kilinyamaza leo. Mtunzaji ana haki ya kulalamika kwamba mikono yake ni miwili tu. Lakini hesabu ya wachache ina hila ndani yake: azuiaye programu yake kutuma habari za matumizi hahesabiwi, na asiyehesabiwa hudhaniwa kuwa hayupo.

Uzuri wa programu huria ni kwamba mlango uliofungwa haukuchomewa. Msimbo wa ALSA ulibaki ndani ya Firefox, na aliyeiunda mwenyewe aliweza kuurudisha kwa agizo moja, `--enable-alsa`. Asiye na subira ya kuunda ana programu ndogo iitwayo apulse: hujifanya PulseAudio mbele ya kivinjari, kisha huikabidhi ALSA sauti. Chromium nayo huweza kusema na ALSA bila mpatanishi.

Hata hivyo, kabla ya kukilaumu kivinjari, ni vema kutazama chini yake. Katika alsamixer, herufi MM chini ya mfereji ni alama kwamba umefungwa. Kubonyeza M huufungua. Pengine sauti huelekezwa kwenye waya wa HDMI usio na spika. Amri `aplay -l` huonyesha kadi zilizopo, na faili ya `.asoundrc` hutaja ile itakiwayo. Na anayehofu kwamba programu mbili haziwezi kusikika pamoja pasipo seva, na ajue kwamba ALSA ina kichanganyaji chake, dmix.

Mwaka 2021 Fedora, iliyokuwa imeikumbatia PulseAudio tangu 2007, iliweka PipeWire mahali pake katika toleo la 34. Wapatanishi hupokezana, ALSA ingali chini yao. Atumiaye seva kwa kuipenda hana lawama, na aikataaye hana ukaidi. Lawama ni ya ajuaye njia mbili akamwambia mwenzake kwamba ipo moja tu.