Pua ya Hilux

Likizo ya Agosti 2009 nilifika kwetu Nyamira nikitoka chuoni, ambako nilikuwa nikisomea Kiswahili na tafsiri. Hata begi sikuwa nimelitua Baba Mdogo aliponikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwalimu, tusomee hii," alisema. Karatasi ilikuwa imetoka katika sanduku lenye kifaa cha plastiki nyeusi, kipana mdomoni na kilichoinuka mgongoni, ambacho hufungwa juu ya boneti ili kukinga upepo. Kamusi nilizozijua hazikuwa na jina lake. Fundi aliyeitwa kukifunga alikiita pua, nami sijaona istilahi bora kuliko hiyo.

Hilux ya Baba Mdogo ilikuwa kuukuu, ya dizeli, injini ya lita 2.4 isiyo na turbo. Ilibeba ndizi kutoka vilimani kwetu hadi soko la Nyakoe, na karo ya binamu zangu ilitoka humo. Nchi ya Wakisii iko juu: mjini Kisii penyewe ni takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni zaidi kidogo tu ya asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hukosa pumzi. Kila mlima, Hilux yetu ilitoa moshi mweusi huku zile mpya za lita 3, zilizoanza kutoka kiwandani miaka ya 2000, zikiipita zikiwa na tundu juu ya boneti. Baba Mdogo akakata shauri kwamba siri ilikuwa katika tundu.

Kumbe sivyo. Turbo hushindilia hewa, na hewa inaposhindiliwa hupata joto. Hivyo hupitishwa kwanza katika kipoozi kilicholazwa chini ya boneti, na upepo wa tunduni hukipuliza kipoozi hicho. Tundu hilo halikuwa mdomo wa kuilisha injini.

Karatasi ilisema hayo yote kwa sentensi moja. Nilikuwa nimetafsiri vipimo vya matundu ya skrubu kwa ufasaha wa kujionea fahari, nikafika kwenye neno nisilolijua. Fundi alikuwa akisikiliza, na majirani wawili pia. Nikasema, "Hapa wanashauri kazi ifanywe kwa uangalifu."

Fundi akatoboa kwa keekee, akakata boneti kwa msumeno wa chuma, akalainisha kingo kwa tupa. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akaunga mpira kutoka puani moja kwa moja hadi kwenye kichujio cha hewa. Gari lilipendeza, sikatai. Watoto walilizunguka kama bibi harusi.

Siku ya tatu mvua ya alasiri ilitukuta mlimani tukiwa na shehena ya ndizi. Pua ikanywa maji. Kichujio cha karatasi kikalowa chepechepe, moshi ukazidi, injini ikazima. Tulifika Nyakoe gizani, wanunuzi wa Nairobi wamekwisha kuondoka. Mikungu mingi ililala pale hadi kesho yake, ikauzwa kwa bei ya kutupa.

Usiku ule nilifungua kamusi ya Kiingereza, nikaisoma sentensi upya, kisha nikamwendea Baba Mdogo. Nilimweleza neno lile na jinsi nilivyoliruka. Alinyamaza kwa muda mrefu, akikuna matope kwenye kiatu.

"Huko chuoni," aliuliza hatimaye, "hawawafundishi kusema 'sijui'?"

Sikuwa na jibu. Muhula ulipofunguliwa, binamu yangu mdogo alichelewa majuma mawili kurudi shuleni.

Mpira uliondolewa na tundu likazibwa kwa kipande cha bati, ila pua yenyewe Baba Mdogo alikataa ing'olewe. Aliiuza Hilux hiyo 2014 ikiwa nayo bado, na mnunuzi aliongeza kidogo kwa sababu yake.