Safu tatu: shajara ya mwalimu wa darasa la nne, Houston

Jumatano, 17 Agosti 2022

Semina siku nzima, kiyoyozi kimetugandisha. Habari yenyewe ingetosha kwa nusu saa: STAAR, mtihani wa jimbo la Texas, si ule tulioujua. Sheria ya jimbo ya mwaka 2019 inataka maswali ya kuchagua jibu yasizidi asilimia 75, na kuanzia mwaka huu wa masomo mtihani unafanyika kwenye kompyuta. Karatasi imebaki kwa wenye sababu maalumu.

Mwezeshaji katuonyesha maswali ya namna mpya. Kuna la kuandika jibu mwenyewe kwa vitufe vya namba na alama. Kuna la kuburuta vipande hadi mahali pake, la kuweka nukta kwenye mstari wa namba, la kukata umbo na kulitia rangi hadi lionyeshe sehemu uliyoambiwa. Kuna la kuchagua majibu zaidi ya moja. Baadhi yana alama mbili, na aliyepata upande mmoja hatoki mikono mitupu.

Mwenzangu wa chumba jirani kaninong'oneza: "Basi ule ujanja wa kufuta majibu mawili na kupiga ramli kwa yaliyobaki, kwisha." Nimemjibu kwamba nyumbani Tanzania nako hisabati ya darasa la saba iliwahi kuwa ya kuweka kivuli kwenye herufi tu, hadi walipoongeza maswali machache ya kuonyesha njia. Hakushangaa. Anasema kila nchi huzunguka hapo hapo.

Mimi nawaza watoto wangu. Wa Kihispania wana mtihani wao, jimbo linautoa kwa lugha hiyo darasa la tatu hadi la tano. Wa Kiswahili na wa Kidari watakutana na Kiingereza uso kwa uso.

Jumanne, 13 Septemba 2022

Leo kugawanya. Ubaoni 1,236 gawanya kwa 4. E., aliyezaliwa Nyarugusu kule Kigoma na kusoma huko kwa mtaala wa Kongo, kamaliza wa kwanza akalala juu ya daftari. Msaidizi wa darasa kapita, katazama, kaweka alama ya kosa.

Nimelichukua daftari. Hakuna kosa. Sisi hapa tunaandika 4 upande wa kushoto, nje ya alama ya kugawanya yenye umbo la kibanda, na jibu linakaa juu ya paa. E. kaandika 1236 kushoto, kapiga mstari wa kusimama, 4 kaiweka kulia, na chini ya 4 ndipo jibu lilipo: 309. Hata sifuri ya katikati, ile inayowaangusha wengi wakaandika 39, kaiweka. Ndivyo Wafaransa walivyowafundisha Wabelgiji au Wabelgiji Wafaransa, sijui, ila ndivyo Kongo inavyogawanya.

Kisha nikamwonyesha ile 1,236 ya ubaoni, na mkato wake, nikamwambia aisome. Akanitazama kana kwamba namtega. "Moja virgule mbili tatu sita." Kumbe yeye alinakili tarakimu na kuuacha mkato kwa heshima, akidhani mwalimu kateleza. Kwao mkato ndio unaotenga desimali. Kwa Mmarekani mkato unatenga maelfu, na desimali inatengwa kwa nukta. Mwaka huu darasa la nne linajumlisha desimali hadi sehemu za mia. Mtoto anaweza kujua kila kitu akaangushwa na alama isiyofika ukubwa wa punje ya ufuta.

Alhamisi, 20 Oktoba 2022

Mara ya kwanza kuwaingiza kwenye maswali ya mazoezi ya jimbo. Kazi ipo.

Swali: onyesha tano ya sita. Kwenye karatasi wiki iliyopita darasa zima, kasoro wachache, lilichora mstatili, likaugawa sita, likatia kivuli vitano. Kwenye skrini mstatili uko mzima. Inabidi ubofye kitufe cha kuongeza vipande hadi viwe sita, ndipo ubofye vipande vyenyewe kuvitia rangi. Msichana mmoja alikuwa anagusa skrini kwa kidole, anabonyeza, anasugua. Mashine zetu hazina skrini ya kugusa. Alizoea simu ya mama yake. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, hii imekufa." Pembeni yake mwingine kaongeza vipande hadi kumi kwa raha ya kubofya tu, kisha hajui namna ya kurudi.

Kompyuta imewapa wote wawili sifuri, na taarifa inasema hawajui sehemu.

Sikubali. Kuanzia kesho daftari langu la maendeleo lina safu tatu kwa kila mtoto: hesabu, lugha, mashine. Akikosa swali, kabla sijaandika chochote, anafanya lile lile kwenye karatasi, bila maneno mengi. Akipata, hesabu yupo, tatizo liko kwenye safu nyingine, na kila safu ina dawa yake. Mashine ni mazoezi ya dakika kumi kila siku, basi. Nisije nikamfundisha upya sehemu mtoto ambaye shida yake ni kipanya.

Jumanne, 15 Novemba 2022

Wazazi. Baba yake E. kaja na sare ya kazini, anatoka zamu ya usiku kiwandani. Nimemweleza mtihani mpya. Kasikiliza hadi mwisho, akasema: "Mwalimu, uyu mutoto anajua hesabu. Mie mwenyewe namufundishaka."

"Najua, Papa. Naona mkono wako kwenye daftari lake."

Kacheka. Nikamwonyesha mgawanyo wa kibanda na ule wa mstari wa kusimama, pembeni kwa pembeni. Akauliza swali ambalo katika semina hakuna aliyeuliza: "Sasa iyo machine, itaona njia ao itaona jibu?" Jibu tu, Papa. Katika hesabu anaandika jibu la mwisho kwenye kisanduku. Rafu yake haisahihishwi na mtu. "Basi mumuache agawanye ya kwetu," akasema, "akuje kuandika jibu ya kwenu."

Ndiyo. Nimeliandika hili hapa ili nisilisahau pale mratibu atakapokuja na bango lake la njia moja iliyoidhinishwa. Kwa swali la kuandika jibu, njia ya Kongo na njia ya Texas zinafika kisanduku kimoja. Kinachobaki ni kumwambia baba adhibiti mkato: nyumbani waandike 2.75, wasiandike 2,75. Kasema watafanya hivyo, ila kwa bibi yake wakipiga hesabu kwa simu wataendelea na virgule. Haki yao.

Jumatano, 11 Januari 2023

Mada ya fedha. Watu wa nje wanashangaa kusikia kwamba Texas inamtaka mtoto wa miaka tisa au kumi atofautishe gharama isiyobadilika na inayobadilika, akokotoe faida, na aeleze benki ni ya kazi gani. Mimi naipenda kuliko zote, maana hapa watoto wangu ni wakubwa kuliko umri wao.

Kodi ya nyumba: haibadiliki. Chakula: kinabadilika. Umeme wa Houston kiangazi: unabadilika, wakacheka wote. Halafu msichana mmoja kauliza: "Na pesa ya kutuma Bukavu?" Mjadala ukazuka. Mmoja anasema haibadiliki, baba anatuma ile ile kila mwisho wa mwezi. Mwingine anasema kwao inategemea nani anaumwa na nani amefiwa. Mvulana kutoka Honduras akaingia, kwao vile vile, bibi yake yuko San Pedro Sula. Nikawapa jedwali: miezi minne, gharama tano, waitazame kila safu. Namba ikirudi ile ile, haibadiliki. Ikipanda na kushuka, inabadilika. Wakaburuta kila gharama kwenye kisanduku chake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamikia kuburuta.

Faida ilikuwa nyepesi zaidi. Mama mmoja anauza mandazi kanisani. Mwanawe anajua bei ya unga na mafuta kuliko mimi. Alipotoa jibu aliongeza: "Lakini mwalimu, gesi hujaweka." Kweli, swali lilisahau gesi.

Alhamisi, 9 Februari 2023

Majaribio ya shule nzima yamesahihishwa. Mkuu wa shule kaita kikao, chati ukutani, nyekundu nyingi. Kauli yake: turudi kwenye misingi, tebo za kuzidisha kila asubuhi. Tebo hazina ubaya. Ila nilikuwa na daftari langu, nikaomba nafasi.

Nimewaonyesha swali moja lililokosewa na wengi: kiasi cha maji kwenye matangi mawili, hatua mbili, jibu la kuandika. Wangu walilirudia kwenye karatasi, namba zile zile, maneno yamepunguzwa. Sehemu kubwa walipata. Safu ya lugha, basi. Kisha nikawaonyesha swali la mstari wa namba. Lile walilikosa skrini na karatasi vilevile: wanahesabu vistari badala ya nafasi kati ya vistari. Hilo ni hesabu tupu, na hilo ndilo la kufundishwa upya.

Kitu kingine nilichokiona, kinyume na nilivyotarajia Agosti. Maswali ya kuandika jibu mwenyewe, ambayo wote tuliyaogopa, ndiko wageni wangu wanakofanya vizuri zaidi. Swali la zamani lilikuwa na maelezo, kisha majibu manne, na mara nyingi kila jibu ni sentensi: nani yuko sahihi na kwa nini. Mtoto wa mwaka wa pili wa Kiingereza alikuwa anasoma mara mbili. Sasa anasoma swali, anakokotoa, anaandika 309. Lugha imepungua mlangoni pa kutokea. Lililo gumu kwao ni lile la kuchagua maneno ndani ya sentensi ili ikamilike, kwa sababu pale hesabu imevikwa kanzu ya sarufi.

Mkuu wa shule kauliza kama walimu wengine wanaweza kuweka safu tatu. Mwenzangu wa jirani kasema tayari anazo, alinikopi Novemba.

Jumanne, 28 Machi 2023

Rafu. Wiki hii yote ni rafu. Mtihani unaruhusu karatasi ya rafu, lakini tangu waingie kwenye kompyuta watoto wanakokotoa kichwani, macho kwenye skrini, mikono kwenye vitufe. 48 mara 36 kichwani! Nimeweka sharti: mkono usiguse kitufe kabla penseli haijagusa karatasi. Chora vipande, andika namba, kokotoa, tazama kama jibu lina akili, ndipo uandike. Kikokotoo hakiruhusiwi darasa la nne, kwa hiyo penseli ndiyo yote.

Na visaidizi. Kwa wanaojifunza Kiingereza kuna neno linalofunguka ukiligusa kwa mshale, kuna sauti ya kusoma swali. Wenye haki hiyo wamesajiliwa, nimehakiki orodha mwenyewe, jina kwa jina, maana kisaidizi kisichosajiliwa siku ya mtihani hakionekani. Sasa wanajizoeza kukitumia. E. hataki vipokea sauti, anasema vinamwonyesha mjinga. Nimemwambia avae kimoja sikio la ukutani.

Jumatano, 3 Mei 2023

Hisabati leo. Nimetia sahihi kiapo, maswali siruhusiwi kuyatazama wala kuyazungumza, na hapa siandiki neno. Naandika nilichokiona kutoka nyuma ya viti: penseli. Karatasi za rafu zilijaa, nyingine pande mbili. Wengi wanatarajiwa kumaliza kwa saa tatu hivi, anayehitaji zaidi ana siku nzima ya shule. E. alikaa hadi baada ya chakula cha mchana. Kipokea sauti kimoja, sikio la ukutani.

Rafu zimekusanywa zote, zikaenda kuharibiwa. Nasikitika. Humo ndimo ulimokuwa mtihani ninaoujali.

Jumatano, 16 Agosti 2023

Matokeo yametoka, yamechelewa kwa kuwa mtihani mpya ulilazimu kupangiwa upya alama za kila daraja. Madaraja ni yale yale manne: hajafikia, anakaribia, amefikia, amebobea. E. yuko la pili. Baba yake kanipigia simu: "Mwalimu, anakaribia wapi?"

Nikamweleza kwamba kwa jimbo daraja hilo limehesabiwa kufaulu, lakini si mahali pa kupumzikia. Akataka kujua kilichobaki. Taarifa ya jimbo haikumwambia kwa namna anayoweza kuifanyia kazi jioni mezani. Nikafungua daftari. Hesabu: kugawanya yuko imara, desimali yuko imara tangu mkato ulipotulia, mstari wa namba bado, pembe bado. Lugha: matatizo ya hatua mbili yenye "kuliko" yanamchanganya, anajumlisha pale pa kutoa. Mashine: hana shida tena.

"Basi pembe na mustari," akasema. "Ile ya lugha, nyinyi."

Tumekubaliana. Mchana nimepeleka nakala ya kurasa zote kwa mwalimu wa darasa la tano. Kaniuliza kama si kazi ya ziada kuandika safu tatu kwa kila mtoto. Ni kazi ya ziada. Nimemwambia aanze na wale ambao kompyuta imewapa sifuri, na aanze na karatasi.