Kasia na Chandarua

Nilipoacha chuo mwaka wa pili sikwenda nyumbani. Nilishuka basi Mokowe, nikapanda mashua hadi Kiwayu kwa mjomba, kaka yake mama. Mama alijua niko Nairobi nasoma uhandisi. Karo ya muhula ule nilikuwa nimeshaila: kodi ya chumba, chakula, na nusu yake, nikisema kweli, upuuzi.

Mjomba hakuuliza. Alinipa kasia.

Mtihani ulionishinda ulikuwa wa mwendo wa maji. Nilinakili daftarini kwamba Helmholtz alionyesha mwaka 1858 kuwa katika maji yasiyo na mnato, mzunguko haufi. Nilikariri tu. Kiwayu ndiko nilikouona: ukivuta kasia ukalitoa, nyuma vinabaki vizunguko viwili, kila kimoja na kitovu chake, vinaondoka sambamba kama watu wanaoteta. Maji yakiwa yamejaa na kutulia, kabla hayajaanza kupwa, vilikwenda mbali kuliko nilivyodhani. Vikifika kwenye mizizi ya mikoko, basi. Kila mzizi unavunja kipande, kipande kinazaa vizunguko vidogo, navyo vinazaa vidogo zaidi, mpaka mnato unavigeuza joto dogo lisilohisika. Tope lililokuwa linaelea linatua palepale. (Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, hesabu mwenyewe hilo tope.)

Nikawa mtoto. Nilitandaza kipande cha jarife ubavuni mwa dau, nikapiga kasia. Mzunguko ulipenya kwenye macho yake mapana, ukayumba, ukaendelea. Nikaweka chandarua kikuukuu. Upande wa pili yalitoka maji tu, yakisogea polepole, hayazunguki.

Kumbe mjomba alikuwa ananitazama.

"Mjomba," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, "hicho ndicho walichokufukuzia?"

"Sikufukuzwa. Niliacha."

"Na mamako anajua?"

Usiku nilipanda kilima cha mchanga kutafuta mtandao. Nilikuwa nimepanga kumwambia kidogo kidogo: leo karo, wiki ijayo mtihani, mwezi ujao chuo. Simu ikaita mara tatu.

"Uko wapi wewe? Mbona nasikia upepo?"

Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Akanyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza kama kaka yake bado anakohoa.