Mwindo na vita ya kufaa

Wazee Wanyanga wa Walikale walituachia karisi ya Mwindo, ambayo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliitoa katika kitabu mwaka 1969. Watu wengi wanashika nguvu zake tu. Tuangalie zaidi.

Mwami Shemwindo alitaka kumwua mwanawe. Mwindo akamfuata mpaka kuzimu, akamshika, lakini hakumwua: akamrudisha nyumbani, wakagawana nchi. Baadaye aliua dude Kirimu, rafiki ya Nkuba, ndiye radi. Nkuba akamchukua juu, baridi na jua vikamtesa, akakatazwa kuua mnyama tena. Aliporudi, aliwapa watu sheria.

Mwaka 1993 ugomvi wa udongo na utawala ulianzia Ntoto, Walikale, ukafika Masisi, ukaua maelfu ya watu. Mpaka leo wanafunzi wanatuuliza: "Mwalimu, tusome juu ya nini, na mwenye bunduki ndiye anakula?"

Tunawajibu hivi: udongo ulionyang'anywa unafaa kupiganiwa, lakini kwa maneno, mbele ya wazee na hakimu. Masomo nayo yanafaa jasho. Kabila ya jirani haifai vita hata siku moja. Mwindo alishinda, na bado babake alikuwa hai wa kugawana naye. Vita isiyoacha mtu wa kugawana naye, tuiache.